Minya parachichi kwanza: mashine ya boti inapovuja au kugoma kuwaka

Jumamosi moja ya mwezi wa saba nilikuwa natoka Ikombe, huku Ziwa Nyasa, na vyungu vya mama zetu wa Kikisi, nawahi soko la Lyulilo. Vyungu sitini na kitu vimepangwa kwa nyasi, akina mama wanne, mtoto mmoja mgongoni. Mwera, ule upepo wa kusini, ulishaanza kuyainua maji. Tulipofika pale mlima unapoingia ziwani wima kama ukuta, mashine ikakohoa mara mbili, ikazima. Nikavuta kamba, ikawaka. Dakika nne, ikazima tena. Mimi, fundi wa mashine kwa miaka kumi na tisa, nikakimbilia plagi. Nikazifungua, nikazisugua, nikaweka mpya, nikavuta. Ikawaka, ikazima. Nilipomaliza plagi nikaanza kumlaani aliyeniuzia petroli.

Mama mtu mzima aliyekaa jirani na tangi akaniuliza, "Mwanangu, hili dude mbona limekuwa laini hivi? Asubuhi ulipoliminya lilikuwa gumu."

Alikuwa ameshika pampu ya mkono, ule mpira mnene ulio katikati ya hosi ya mafuta. Kijana wangu wa kazi, mzaliwa wa Tukuyu, huuita parachichi, na jina limeshatuganda hapa Matema. Kweli umbo ni lile lile, na linapimwa kama la sokoni: unaliminya kwa vidole. Tofauti ni moja tu. La sokoni likiwa gumu unaliacha, la hosi likiwa gumu ndiyo tayari.

Siku ile sikuwa na tatizo la plagi wala la petroli. Nilikuwa na mvujo usiodondosha hata tone.

Mvujo usio na tone

Watu wengi wakisikia mafuta yanavuja wanatafuta unyevu na harufu. Sawa, lakini hiyo ni nusu ya kazi. Fuata njia ya mafuta kwa akili kwanza. Tangi liko chini, sakafuni. Mashine iko juu, nyuma. Mafuta hayapandi yenyewe. Pampu ndogo iliyo kwenye mashine ndiyo inayoyavuta, kama mtu anavyovuta togwa kwa mrija. Mrija ukiwa na tundu juu ya togwa, togwa haimwagiki. Unavuta hewa tu, mashavu yanachoka.

Kwa hiyo kuanzia tangi mpaka kwenye pampu ya mashine, ufa wowote unaingiza hewa ndani wakati mashine inatembea. Kuanzia pampu kwenda kwenye kabureta mafuta yanasukumwa, na huko ufa unatoa mafuta nje. Ukiminya parachichi kwa mkono, unasukuma mafuta kuanzia parachichi kwenda mbele, ndiyo maana kipande hicho kikiwa na ufa utaona kinalowa. Lakini kipande cha kati ya tangi na parachichi hakisukumwi hata siku moja, kinavutwa tu. Hapo unaweza kuwa na ufa mwaka mzima usione tone, na mashine inakuzimia kila ikifika maji ya kina.

Dalili zake ni hizi hizi zilizonipata: inawaka vizuri ukishaminya, inakwenda dakika chache, inakosa nguvu, inazima. Ukiminya tena inafufuka. Mashine ya namna hiyo usiifungue plagi. Mwambie mtu aendelee kuminya taratibu wakati unatembea. Ikishika mwendo bila kukatika, moto wake, yaani cheche za plagi, ni mzima, ugonjwa uko kwenye hosi au kwenye pampu.

Mimi ilikuwa oringi, ile pete ya mpira ndani ya konekta inayounga hosi na tangi, imebonyea mpaka ikawa bapa kama utepe. Pale majini nilikata hosi nyuma ya konekta, nikaitumbukiza ncha yake moja kwa moja kwenye mdomo wa tangi mpaka chini, nikazungushia kitambaa, nikamwomba yule mama aishike. Tukafika Lyulilo tumechelewa, bei ya vyungu imeshashuka, na sikudai nauli. Hiyo ni dawa ya kukufikisha ufukweni tu. Tangi lililo wazi linatoa mvuke, kwa hiyo ndani ya boti hakuna wa kuwasha hata kiberiti.

Nchi kavu ndipo unaukamata mvujo huo vizuri. Nyanyua tangi, liweke juu ya benchi au pipa, lipite urefu wa mashine. Fungua hewa ya kifuniko, kile kitundu cha kuingizia hewa kwenye tangi. Sasa mafuta yanashuka kwa uzito wake na kuisukuma hosi yote, pamoja na kile kipande kisichosukumwaga. Futa kila maungio kwa kitambaa mpaka pakauke kabisa, zungushia karatasi ya choo nyeupe, subiri robo saa. Karatasi inayolowa ndiyo shahidi wako. Ukimaliza lishushe tangi mara moja, usiliache juu usiku kucha.

Parachichi linavyosema

Kabla ya kuminya, hakikisha hewa ya kifuniko cha tangi imefunguliwa na mshale ulioandikwa kwenye mpira unaelekea kwenye mashine. Nimeletewa hosi iliyofungwa kinyume zaidi ya mara moja, na mmoja wa walioleta ni shemeji yangu mwenyewe. Shika mpira ncha ya mshale ikitazama juu, ili vile vikoki vidogo vya ndani, vinavyozuia mafuta yasirudi nyuma, vikae mahali pake. Minya. Mara saba, nane, kumi, unatakiwa ugume.

Ukigoma kabisa kuwa mgumu, angalia kwanza kama kuna mafuta, usicheke, hutokea. Kama yapo, mpira unavuta hewa upande wa tangi, au vikoki vyake vimekufa, au mafuta yanapita moja kwa moja mpaka kwenye kabureta na kumwagika kwa sababu sindano ya floti, ile inayofunga mafuta yakishajaa kwenye kabureta, haizibi. Hili la mwisho utalijua kwa pua: fungua kava, utakuta kabureta inalia machozi.

Ukiwa mgumu halafu ukalegea ndani ya dakika moja na mashine imezimwa, mafuta yanatokea mahali mbele, au yanarudi nyuma kwenye tangi kwa sababu kikoki kimechoka. Penye unyevu ni kesi ya kwanza. Pakavu kabisa ni ya pili, na dawa yake ni parachichi jipya.

Ukisinyaa na kuwa bapa wakati mashine inatembea, pampu inavuta lakini tangi halitoi. Mara tisa katika kumi ni hewa ya kifuniko, umesahau kuifungua. Ile moja iliyobaki ni chujio la ndani ya tangi, au hosi imekunjwa na mzigo, au hosi yenyewe imeoza kwa ndani. Nilinunua hosi kwenye duka moja Mbeya mjini, nyeusi, inang'aa, bei nzuri. Baada ya miezi mitatu ngozi yake ya ndani ilibanduka ikawa kama ulimi. Nikivuta inaziba, nikizima inafunguka. Nilihangaika siku nne na hosi ambayo kwa nje ni nzuri kama siku ya kwanza.

Na ukiwa mgumu kama jiwe lakini plagi zinatoka kavu, kizuizi kiko mbele: filta, konekta ya kwenye mashine, au sindano ya floti imeganda ikiwa imefunga.

Mafuta yanayoonekana

Ukishasikia harufu, kazi ya kwanza si ufundi. Zima kila chenye moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauruki, unakaa sakafuni mwa boti kama maji usiyoyaona na kusubiri cheche. Sisi huku bado wapo wanaovua usipa usiku kwa karabai, na karabai na tangi linalovuja havikai boti moja. Hata za betri, usichomoe wala kuchomeka waya palipo na harufu. Nyonya mafuta kwa kitambaa, usiyamwage ziwani, maana mita hamsini kutoka hapo kuna mtu anachota maji ya kunywa. Acha upepo upite mpaka pua isinuse kitu.

Halafu angalia kwa mpangilio wa wepesi, kutoka nje kwenda ndani.

Tangi la plastiki likiwa na ufa mdogo, sabuni ya mche iliyokandwa ikapakwa juu ya ufa huzuia, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Nimewahi kurudi nayo kutoka Lumbila. Ukifika nyumbani, badilisha tangi. La bati usimpe mtu wa kuchomelea hata kama limekaa tupu wiki nzima, mvuke hauishi kirahisi.

Tangi likijazwa mpaka mdomoni asubuhi, saa sita jua la Kyela linalivimbisha na mafuta yanatokea kwenye hewa. Acha nafasi ya vidole vinne. Na hapa kuna jambo la nyanda zetu ambalo mtu wa Dar hawezi kukuambia. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa letu liko chini kidogo ya mita 500. Dumu ulilolikaza vizuri Mbeya, likiteremka kupitia Tukuyu mpaka Kyela linabonyea mbavu, maana hewa ya huku ni nzito zaidi. Ukipandisha dumu la Kyela kwenda Mbeya, linavimba na kufoka unapofungua. Watu wanadhani petroli imeharibika. Fungua kifuniko taratibu, mbali na uso, basi.

Hosi iangalie kwenye ncha, pale klipu inapobana, ndipo inapopasukia. Kata kipande kilichopasuka kama urefu unaruhusu, ubane kwa klipu ya chuma isiyoshika kutu. Waya wa kufungia hukata hosi, raba ya tairi huvimba ikinywa petroli, na mpira wa bustani unalainika kama ugali wa jana uliomwagiwa maji. Nunua hosi ya mafuta, na ikunje: mpya nzuri haivunjiki weupe kwenye mkunjo.

Pampu ya mashine ina kiwambo chembamba kinachopigwa na msukumo wa ndani ya injini. Kiwambo kikitoboka, mara nyingi huoni tone nje. Mafuta yanaingia ndani ya injini kwa njia ya pembeni. Moshi unazidi, plagi zinalowa, mwendo wa taratibu unakuwa wa kusuasua. Kiwambo ni cha bei ndogo, kibadilishe pamoja na gasketi zake. Usikate kiwambo kutoka kwenye glovu. Nimeona, na sikucheka.

Kabureta inayofurika

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mvujo na kugoma kuwaka vinapokutana. Ndani ya bakuli la kabureta kuna floti. Mafuta yakijaa floti inapanda na kusukuma sindano izibe. Punje moja ya mchanga wa Matema ikikaa kwenye kiti cha sindano, haizibi. Mafuta yanapita, yanamwagika, mengine yanaingia kwenye injini, inanywa mpaka inazama.

Kabla ya kuifungua, gonga bakuli kwa mpini wa bisibisi mara tatu nne, pole pole. Uchafu mwingine unaachia hapo hapo. Ikishindikana, fungua skrubu ya chini ya bakuli, pokea mafuta kwenye chupa ya kioo. Iache itulie dakika kumi. Maji yatakaa chini kama shanga au kama tabaka, mafuta juu. Huku Kyela na Rungwe mvua hainyeshi, inamwagwa. Tangi lililoachwa nje na hewa wazi linakunywa mvua hiyo yote.

Ukiifungua kabureta, fungua nchi kavu juu ya beseni jeupe. Itikise floti sikioni. Ikisikika kitu ndani imetoboka. Ichunguze ncha ya sindano. Ikiwa na mfereji umezunguka kama pete, imechakaa. Jeti, vile vitundu vya kupitishia mafuta, zioshe kwa petroli safi na uzipulize; tundu likiziba tumia unywele wa brashi ya nailoni, si waya, waya unalipanua tundu na hutalirudisha. Ukishafunga floti, geuza kabureta miguu juu, chomeka kipande safi cha hosi mahali mafuta yanapoingilia, upulize. Isipite hewa. Igeuze wima, upulize tena. Ipite. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote, na kimeniokoa na kazi ya kurudia mara nyingi.

Mashine iliyokwishafurika usiendelee kuivutia choki, unaizidishia. Chomoa hosi, rudisha choki ndani, toa ile klipu nyekundu ya kuzimia ili pasiwe na cheche, fungua plagi, funika matundu kwa kitambaa, vuta kamba mara kumi. Utaona ukungu unatoka. Kausha plagi, subiri harufu iishe, rudisha, jaribu bila choki.

Haivuji, lakini haiwaki

Mashine yangu ni Yamaha 15, ile ya kuchanganya oili na petroli, ina plagi mbili. Ya namna hiyo ikigoma, kabla ya spana angalia mambo ya aibu: klipu nyekundu ipo mahali pake? Gia iko katikati? Gesi, ile ya kuongezea mwendo, iko kwenye alama ya kuwashia? Hosi imebana mpaka imelia "ta"? Nimewahi kupanda pikipiki mpaka Ipinda kumtengenezea mtu, nikakuta klipu iko mfukoni mwake.

Halafu toa plagi zote mbili, zitazame pamoja. Kavu zote: mafuta hayafiki, rudi kwenye parachichi. Zimelowa zote: mafuta yanafika, moto hakuna au umefurisha. Moja kavu nyingine imelowa: upande mmoja hauchomi, badilishana plagi uone kama ugonjwa unahama. Ukihama na plagi, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki pale pale, tafuta kwenye kofia ya plagi, waya au koili.

Kupima cheche kuna masharti: harufu iwe imeisha, hosi imechomolewa, matundu ya plagi yamefunikwa. Vika plagi kofia yake, mwili wake wa chuma uguse chuma cha injini mbali na matundu, ishike kwa koleo lenye mpira, kivulini, mwenzako avute. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Ya njano iliyolegea ni mgonjwa. Isipokuwepo kabisa, tenganisha waya za swichi ya kuzimia upime tena. Cheche ikirudi, swichi ndiyo iliyokuwa inakuzimia.

Kuhusu mafuta yenyewe. Petroli ya madumu ikichakachuliwa na mafuta ya taa, mashine inawaka kwa tabu na plagi zinaota masizi. Ipime kabla hujaweka oili: dondosha kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka haraka bila kuacha alama. Ikibaki doa la mafuta, mrudishie mwenyewe. Kuchanganya, mimi kwa kazi za kila siku naweka mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, ndiyo 50 kwa 1. Ya kwako soma kitabu chake, hasa ikiwa mpya, maana kipindi cha kuizoesha inataka oili zaidi. Mchanganyiko uliokaa kwenye kabureta tangu msimu uliopita umegeuka gundi. Ndiyo maana, ukijua utalala siku nyingi bila kutoka, chomoa hosi na iache mashine, ikiwa majini, ichome yote iliyo kwenye kabureta mpaka izime yenyewe.

Na usikubali mashine yako irekebishwe Mbeya ikaletwa huku bila kuguswa tena. Kule juu hewa ni nyepesi, mashine inaonekana inakunywa sana, fundi wa pikipiki anaibana mafuta mpaka inalia vizuri. Ikishuka ziwani inapata hewa nyingi na mafuta yale yale machache. Inapiga kelele nzuri, ya kuvutia, halafu inachemka na kukwama. Kwa mashine ya kuchanganya oili, kunyima petroli ni kunyima oili pia. Malizia marekebisho ufukweni, mashine ikiwa ndani ya maji au kwenye pipa la maji, na ikiwaka tu hakikisha inakojoa maji pembeni. Usiiwashe pakavu hata kwa "nisikie kidogo". Pampu ya maji inaungua kwa sekunde.

Ninachobeba siku hizi kimetosha kwenye kopo la maziwa la kilo: plagi mbili na spana yake, oringi nne za konekta, klipu za hosi, mita moja ya hosi, kiwambo cha pampu, kipande cha sabuni ya mche, vitambaa vikavu kwenye mfuko wa plastiki, kamba ya akiba ya kuvutia. Nanga ninayo, lakini upande wa milima ya Livingstone kina kinaanza hatua chache kutoka kwenye mwamba na kamba yangu haigusi chini. Kwa hiyo chini ya vyungu kuna kafi mbili, za mninga, na yule mama wa Ikombe anajua kuzitumia kuliko mimi.